Mbuzi Aliyegoma Duarani

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Ngokolo hatujambo, goti la bibi yako limepona, tunamshukuru Mungu. Umeuliza kwa nini Yesu alimwaga damu ndipo tusamehewe.

Ujanani nikichimba dhahabu Geita, tulichinja mbuzi mweupe kwenye duara, yaani shimo letu, ili mizimu isitudai roho ya mtu. Mbuzi aligoma, nikamburuta kwa kamba. Masanja, mchimbaji mwenzangu, Mkatoliki wa Ushirombo, akaniambia taratibu, "Huyu hajakubali. Mwanakondoo wetu alikuja mwenyewe."

Mengine siyajui, mjukuu wangu. Ila kila Ijumaa Kuu nikibusu msalaba, mikono hii huikumbuka kamba ilivyokaza, nami nashukuru kwamba yupo Mmoja ambaye hakungoja kuvutwa.

Babu yako