Vifaranga vya Sweta ya Otim

Nabintu, kaa chini kwanza. Wanajeshi wametoka hapa kwangu sasa hivi.

Unajua vile vifaranga vya Pasaka ninavyofuma, vya kutia peremende tumboni? Mwaka huu uzi umekosekana soko zima la Nakivubo. Nikafumua sweta ya jeshi ya mume wangu. Sweta ya Otim, Nabintu! Niliifumua nikilia.

Mkubwa wao akaokota kifaranga mezani, akakigeuza. Nikadhani anataka peremende. Akasema, "Mama, hii rangi ni yetu."

Nikamwambia ni sweta ya bwana.

"Na yeye akirudi atavaa nini?"

Nikanyamaza. Nikanyamaza, dada!

"Sisi tulikuambia ametumwa safari. Nani alikuambia hatarudi?"

Nani alikuambia. Aliuliza tena na tena, kwa upole, kama mtu anayeomba maji.

Sikutaja jina lako. Lakini wamesema watakuja kesho, na watoto wangu wako humu ndani, na mimi najijua ni mwoga.

Chukua wanao, uondoke leo. Wewe uliniambia kweli ili nipate kumlilia mume wangu. Karatasi hii ichome. Usipite hapa kuniaga.