Ufito wa Pazia

Jumamosi, Mbwajumali. Mawingu tangu alfajiri na mvua haikunyesha. Moyo wangu mwepesi.

Naandika kizingitini, magharibi haijaingia, kwa kalamu ya tete aliyoiacha marehemu mume wangu. Simwandikii mtu. Chuoni nilifundishwa herufi za kunitosha kusoma msahafu na kuandika jina langu, haya mengine nimejifunza kwa kujaribu.

Mavyaa wangu haondoki.

Nimeanza na hilo ili nilione kwa macho yangu.

Tangu mume wangu Shee afariki, nyumba hii ina watu wawili, mimi na mama yake. Macho ya mzee yameingia ukungu, meno yamebaki machache, nyama haiwezi tena. Chakula chake ni samaki. Nilipokuwa eda majirani walituletea kitoweo kila siku, Mungu awalipe. Eda imekwisha Jumatatu, na wao wana watoto wao. Wifi yangu Somoe, dada yake Shee aliyeolewa Mkokoni, alikwisha kutuma neno kwamba nikitoka eda atakuja na mashua amchukue mama yake. Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, katika nyumba isiyo na mvuvi mzee atakula nini?

Swali lake lilikuwa la haki. Lakini nilijua akiondoka yeye, sitakuwa na mtu wa kumtaja Shee pamoja naye. Mchana tukichambua mchele, yeye hunipa Shee mtoto, aliyekuwa akiwaogopa kuku. Mimi humpa Shee mtu mzima, aliyekuwa akikoroma kisha akaapa kuwa ni paka. Hatuchoki.

Kwa hiyo niliazimu kuvua mwenyewe.

Nyuma ya kishamba chetu cha tumbako kuna hori, mkono mwembamba wa bahari, na maji yakianza kujaa chaa na changu huingia chini ya mikoko. Shee alikuwa akivua pale kwa mwanzi wake mrefu. Mwanzi huo haupo. Siku ya arobaini vitu vyake vilitolewa sadaka, na mwanzi ukaenda kwa mzee aliyemwosha. Sadaka hairudishwi, wala sikuthubutu kuuliza. Nimeuona uani kwake, anaangulia mapapai.

Jumanne nikapakia mikate yangu ya tumbako juu ya punda wa jirani, nikafuatana na wanawake wengine mpaka Mtangawanda. Tumbako ile ndiyo mali yote niliyokuwa nayo. Bwana Lali, anayeuza vyombo vya uvuvi pale gatini, alikuwa ameegemeza mianzi ya kutoka Bara Hindi ukutani.

"Bi, wataka wa kuanikia nguo?"

"Wa kuvulia."

"Na mvuvi yuko wapi?"

"Yuasema nawe."

Wanaume waliokuwa wakipakua magunia walisimama kusikiliza. Bwana Lali akacheka mpaka kofia ikamlegea. "Basi twaa mrefu kabisa, ukae mbali. Samaki wakikuona watakucheka."

"Na wacheke," nikamwambia. "Midomo ikiwa wazi, ndoana itaingia."

Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Shee angeyapenda.

Nilichagua kama nilivyomwona Shee akichagua. Niliushika kila mwanzi kwa mkono ulionyooka, nione mkono utachoka upesi au la. Nilipitisha uzi wa pamba juu ya pingili, maana penye ufa pamba hunasa. Nikamwomba Bwana Lali atundike kipande cha risasi kwenye ncha, nitazame kama mwanzi utainama wote kwa taratibu au utavunjika kiuno kama mzee anayeokota sindano. Uliokuwa mzuri ulitaka tumbako yangu yote, nisibakiwe na cha kununulia hata ndoana moja. Uliokuwa rahisi ulikuwa umetobolewa na dumuzi, nilipoutikisa ukamwaga unga.

Nikarudi nyumbani na mshipi, ndoana na chubwi ya risasi ya kuuzamishia. Mwanzi sikupata. Ndiani tukirudi, wenzangu waliniuliza kama nitawapiga samaki kwa mawe.

Nilipofika uani, nikauona.

Ulikuwa umeegemea ukuta, ule ufito wa mti wa mkone uliobeba pazia langu la merikani siku zote za eda. Desturi yetu hapa, vitu vya eda havikai nyumbani. Nguo hutolewa, na ufito hutupwa baharini maji makuu ya bamvua yakifika, uchukuliwe mbali pamoja na nuksi yake. Bamvua ilikuwa haijafika.

Hakuna kitu ninachokijua kama ufito ule. Nimekaa nyuma yake nikiutazama hali sina pengine pa kutazama. Mvua ilipovuja na pazia likalowa, uliinama katikati kama upinde. Pazia lilipokauka, ulinyooka kama jana yake. Shee aliukata mwenyewe, bara, wa kutundikia chandarua cha kitanda chetu. Aliumenya gamba pale pale kizingitini ninapokaa sasa, nikamwita chakula ki tayari, akaacha ukanda mdogo wa gamba kwenye shina. Hakurudi kuumaliza.

Nikafunga mshipi kwenye ncha. Mavyaa sikumwambia. Niliogopa atasema nuksi, na atakuwa na haki.

Jana nilirudi na tope mpaka magotini na hakuna zaidi. Lakini nilijifunza jambo moja: chini ya mikoko matawi yameshikana, na mwanzi mrefu ungenasa kila nikiuinua. Shee alivua akiwa amesimama mtumbwini, katikati ya hori. Mimi nakaa juu ya mizizi. Kama ningekuwa na tumbako ya kutosha Jumanne, ningenunua uvuvi wake, si wangu.

Leo asubuhi, chambo kipande cha kaa, ufito ulivutwa. Ncha ikainama mpaka ikagusa maji. Nilisubiri kuusikia ukilia kwa kuvunjika. Haukulia. Mkono wangu ulikuwa juu ya ule ukanda wa gamba, na changu mnene akatoka akipiga mkia. Nilikaa matopeni nikalia kidogo, kisha nikacheka.

Somoe alifika adhuhuri, tukiwa tumempakua samaki. Alimkumbatia mama yake, akala nasi, akasifu mchuzi. Akauliza kavua nani. Mavyaa akaninyooshea kidole. Somoe akageuka kutazama uani, na rangi ikambadilika.

"Ule si ufito wa eda? Mama, walishwa samaki wa nuksi!"

Mkono wa mavyaa ukasimama juu ya sahani. Sikuweza kumtazama.

"Naujua," akasema. "Sioni, lakini nasikia. Juzi alikuwa akiupapasa uani kama mtu anayemtuliza mbuzi."

"Nawe ukanyamaza?"

"Ufito haukuolewa, Somoe. Utakuwaje na eda?" Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akatoa mwiba. "Nisogezee kichwa, hako kashavu ni kangu."

Somoe alijaribu kukaza uso. Ulimshinda. Alicheka akijifunika kwa leso, na kicheko kile kilikuwa cha Shee hasa, sikuwahi kukigundua.

Baadaye alimuuliza mama yake taratibu kama kweli hataki kwenda. Mavyaa akamwambia kwamba Mkokoni watu ni wema na samaki ni wengi, lakini hakuna anayejua jinsi mwanawe alivyokuwa akikoroma.

Somoe ataondoka kesho peke yake. Ameniomba nimkaangie changu mwingine wa safarini, kama wapo. Nimemwambia sijui. Sijui kweli. Nimevua samaki mmoja tu katika maisha yangu.

Ufito nimeurudisha juu ya vigingi vyake, pale pale lilipokuwa pazia. Chumba kinanuka samaki. Kesho asubuhi maji yakianza kujaa, nitautungua.