Skii Mpya za Mzee Ranjan

Kilburn, London
Jumapili, tarehe 24 Februari 2002

Kwako kaka yangu Adolphe,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mama na watoto wote wa nyumbani. Mimi mdogo wako ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo mgongo unaujua tangu zamani. Ninyi mko namna gani? Mwezi uliopita tuliona kwenye televisheni moto wa mlima ukishuka mpaka katikati ya Goma, na tangu siku hiyo ninamfikiria shangazi. Kama amekimbilia kwenu Bukavu, mwambie nimeuliza habari zake kabla ya habari nyingine yoyote. Na mguu wa Mama, ule uliokuwa umevimba, unaendeleaje?

Barua hii anaileta Euphrasie, dada tunayesali naye hapa. Anapanda ndege mpaka Kigali, halafu atavuka mpaka kwa gari. Nimemwomba akupe wewe mkononi, asimpe mtu mwingine. Ukiimaliza utajua kwa nini.

Uliniuliza ninafanya kazi gani hasa, kwa sababu mimi nilikuandikia tu kwamba ninapiga pasi dukani, na wewe ukalitangazia soko lote la Kadutu kwamba Zéphyrin anawapigia Wazungu pasi. Ni kweli, kaka, lakini si nguo. Alfajiri ninafagia ofisi za watu. Saa nne ninaingia kwenye duka linalouza skii. Skii ni mbao mbili ndefu, nyembamba, zenye ncha iliyopinda juu. Mtu anazifunga chini ya buti, anasimama juu ya mlima wenye theluji, halafu anajiachia. Wanalipa wapandishwe kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, wakifika juu wanateremka, wakifika chini wanapanda tena. Nilimuuliza bosi kama kuna kitu wanakifuata kule juu. Akasema hapana, wanafuata kule kushuka. Nilicheka peke yangu mpaka jioni, nikikumbuka tulivyokuwa tunapanda Kadutu na bidoni za maji kichwani bila kiti cha mtu yeyote.

Lakini nikaanza kutaka kujua. Shule niliacha darasa la tano, ila vitu vya mkono vinaniingia haraka. Nikaona kwamba ndani ya skii mna mti kweli, pembeni kuna kingo za chuma kali kama kisu, na upande wa chini kuna plastiki nyeusi laini. Plastiki hiyo inakunywa nta. Unayeyusha nta kwa pasi ya umeme, unaieneza, unaacha ipoe, kisha unaikwangua, na hapo skii inateleza kama sabuni ndani ya beseni. Bosi aliponiona nimeshika pasi alisema ni kama nimezaliwa nayo. Nikamwambia nina kaka anayeshona nguo. Akanitoa kwenye kupakua maboksi, akaniweka kwenye meza ya ufundi. Onyo lake lilikuwa moja tu, kwamba pasi isisimame, itembee muda wote.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mzee mmoja Mhindi, amebeba skii zake begani. Akaniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nilipojibu Kongo, akageuza lugha hapo hapo, akaniambia kwa Kiswahili nisimchoshe na Kizungu, yeye kazaliwa Kisumu. Kaka, kidogo nimkumbatie. Anaitwa Mzee Ranjan, ana miaka sitini na mitatu, na ana duka la vitambaa na kushona kule Rayners Lane. Tangu siku ile akija alikuwa anapita moja kwa moja mpaka mezani kwangu, na alikuwa ananiita fundi mbele ya bosi. Katika nchi hii hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo.

Skii zake alizinunua mwaka 1991. Ni ndefu, zinampita kichwa, na rangi yake nyekundu ilikuwa imefifia ikawa kama ya matofali. Siku hizi hakuna anayetengeneza za namna ile. Alianza mchezo huu akiwa amepita hamsini, baada ya rafiki yake Nizar kumwambia kwamba Mhindi wa Kisumu hawezi kusimama kwenye theluji hata dakika moja. Nizar mwenyewe ni wa Kisumu. Tangu hapo kila Februari wanakwenda wawili milimani kule Ufaransa, na Mzee Ranjan hakuwahi kubadilisha mbao. Alikuwa anazipangusa kwa kitambaa cha pamba na kuzilaza chini ya kitanda, mpaka mke wake akalalamika kwamba yeye tangu aolewe hajapanguswa hivyo.

Kabla ya Krismasi alizileta nizipige nta. Aliporudi kuzichukua nilimwonyesha kwamba moja imevimba upande wa chini, karibu na pale buti inapokaa. Plastiki ilikuwa imeachana na mti, ukibonyeza inalia. Nilimwambia zimezeeka, gundi ya ndani imechoka. Bosi naye akatazama, akasema miaka kumi ni mingi, hazitengenezeki. Mzee alipitisha kidole kwenye ule uvimbe, akarudia, akarudia tena. Akaniuliza kama ziliteseka. Nafikiri alikuwa anatania. Akaziacha pale pale, na bosi akazitia kwenye pipa la takataka nyuma ya duka.

Mwezi wa kwanza wote tulikuwa tunatafuta nyingine. Kaka, sikujua kwamba kuchagua mbao kunaweza kumpa mtu homa. Skii za sasa ni fupi, zinafika puani tu, zimepanuka mbele na nyuma na kubana katikati, kama mwanamke aliyejifunga kitenge vizuri. Kubana huko ndiko kunakozifanya zikate kona zenyewe. Nyembamba sana katikati zinafaa theluji ngumu iliyoshindiliwa, pana sana zinafaa theluji laini inayofika magotini. Bosi akamshauri achukue za mlima mzima, maana yake zile za katikati, za kwenda popote. Mzee Ranjan akasema hizo ni kama suruali ya saizi zote, haimkai mtu yeyote. Akatoa utepe wake wa kupimia nguo, akapima kila skii dukani mbele, katikati na nyuma, akaandika kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nazishika ncha, yeye anazikunja kwa kiganja kuona ipi ngumu, ipi inakubali. Nilianza kuzitofautisha nikiwa nimefumba macho.

Siku moja alikuja na Nizar, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Nizar alikaa kwenye kiti cha kujaribia buti akamwambia, "Ranjan, unatafuta mbao au unatafuta mke?" Kisha akanionyesha zile za watoto zenye picha ya dubu akasema, "Mfungie hizo, yatosha." Mzee hakucheka. Nizar alipotoka nje kuvuta sigara, akanieleza kwamba goti lake la kushoto si goti tena, na kwamba zile nyekundu alikuwa anaziamini kuliko goti. Asipopata nyingine atakazoziamini, mwaka huu haendi. Na asipokwenda mwaka huu hatakwenda tena, anajijua. Nizar ataenda peke yake, halafu na yeye ataacha.

Mwishoni alibakisha jozi tatu, za kijivu, za bluu na nyeusi, na bosi akakubali azijaribu. Nje ya London, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, kuna jumba ambalo ndani yake wameweka mteremko wa theluji chini ya paa. Mzee akaniomba niende naye Jumatano, siku yangu ya kupumzika, nimbebee na kumrekebishia vifungo vya buti. Kaka, fikiria soko letu lote limeezekwa paa moja, limeinamishwa, halafu limejazwa theluji. Ni baridi kama friji ya bucha. Watoto wa miaka minne wanapita mbele yako wanateleza, wewe mtu mzima unatembea umeshika ukuta. Nilionja ile theluji. Haina ladha ya kitu.

Akaanza na za kijivu. Zilikuwa ngumu, zilimvuta moja kwa moja kama mbuzi anayekwenda kwenye majani, akaangukia ubavu. Za bluu zikageuka kabla yeye hajataka. Alishuka upande upande, mguu baada ya mguu, kama mtu anayeshuka ngazi zilizolowa. Akaja kukaa na mimi kwenye benchi, akavua glavu. Akasema nimrudishie buti kwenye mfuko. Akasema skii alizozitunza vile, zimekufa zenyewe mikononi mwake, kwa uzee tu, bila kugonga jiwe. Basi yeye mwenye goti hili anangoja nini? Jioni atampigia Nizar, amwambie aende peke yake.

Kaka Adolphe, hapa nilisimamisha kalamu, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Zile skii hazikufa kwa uzee. Ni mimi niliyeziunguza.

Siku ile kabla ya Krismasi nilikuwa nimefagia tangu saa kumi alfajiri, na macho yalikuwa yanajifunga. Nikaona mahali ambapo nta haikuwa imeshika vizuri. Na mkono wangu, kabla sijafikiri, ukafanya ulichonifundisha wewe kwenye pindo la suruali. Ukaituliza pasi pale, ukabonyeza, nikahesabu mpaka tano kama tulivyokuwa tunahesabu na pasi ya makaa. Nilipofika nne nikasikia harufu. Nilipoinua pasi, plastiki ilikuwa imevimba kama chapati. Bosi alikuwa mbele na wateja. Nikaipoza kwa kitambaa, nikajitengenezea ule uongo wa gundi, na kila mtu akauamini kwa sababu zilikuwa nzee kweli. Niliogopa kurudishwa kwenye maboksi. Zaidi ya hapo niliogopa yule mzee asiniite fundi tena. Na mwezi mzima nilimsaidia kuchagua nyingine, nikishika ncha na kusifia utepe wake.

Pale kwenye benchi nikamwambia yote. Swali lake la kwanza, kaka, lilikuwa niliweka pasi namna gani. Nikamweleza habari ya pindo na kuhesabu tano. Akasimama na buti zake, akanipigia kelele mpaka watoto wakageuka. "Mjinga wewe! Hata suruali hufanyi hivyo! Unatanguliza kitambaa chenye maji! Nani alikufundisha?" Sikutaja jina lako. Akaniuliza, "Kwa hiyo hazikuzeeka?" Nikasema hazikuzeeka, mzee, zilikuwa nzima kabisa. Akasema, "Mimi nimeziacha kwenye pipa lenu nikidhani zimenitangulia. Wewe uliziua, ukaniacha nijililie mwenyewe."

Akanyakua zile nyeusi, akazikanyaga mpaka vifungo vikalia, akaenda juu bila kunitazama. Mara ya kwanza alishuka vibaya. Mara ya pili alikata kona tatu. Ya tatu na ya nne sikuona akiliangalia goti hata kidogo, alikuwa anashuka kwa hasira, mdomo unatembea, nadhani bado alikuwa ananitukana. Alipomaliza alisema neno moja, "Hizi," akaziweka garini. Niliposhuka Kilburn aliniambia bosi atasikia kutoka kwangu, si kwake, na ananipa mpaka Jumatatu.

Nilisema Ijumaa ya wiki ile. Bosi hakunifukuza. Alinirudisha kwenye maboksi, akanitaka nisiguse pasi mpaka atakaposema, na hajasema. Huko ndiko mgongo wangu uliko sasa.

Ila juzi Ijumaa Mzee Ranjan alikuja kuchukua zile nyeusi, alizokuwa ameziacha dukani zipigwe nta, kwa sababu jana walikuwa wanaondoka, yeye na Nizar. Bosi alikuwa ameshawasha pasi. Mzee akasema apige Zéphyrin. Bosi akacheka, akaona anacheka peke yake. Wakaniita kutoka stoo, mikono yangu ina vumbi la maboksi. Nikashika pasi, na mzee akasimama pembeni yangu na koti lake, karibu mpaka nasikia anavyopumua. Kila mkono wangu ulipopunguza mwendo alisema, "Tembea." Nikifika pale buti inapokaa, "Tembea, tembea." Hakuniita fundi. Hakusema amenisamehe. Nilipokwisha kukwangua alipitisha kiganja upande wote wa chini, ya kwanza na ya pili, polepole, kutoka mwisho mpaka ncha. Kisha akazifunga kwa mkanda, akaziweka begani. Mlangoni akageuka akasema, "Mwezi wa tatu nazirudisha. Usiwe likizo."

Leo yuko mlimani. Mimi nimetoka ibadani nikakaa kukuandikia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa na jambo hili peke yangu.

Sasa unajua kwa nini sikutaka barua hii isomwe sokoni. Waache waendelee kuamini ni nguo. Ukinijibu, mpe Euphrasie, atarudi baada ya Pasaka, na uniambie ukweli kuhusu kile kitambaa chenye maji, kama tulikuwa tunakosea miaka yote au mzee alisema kwa hasira tu. Msalimie Mama, mshike ule mguu kwa niaba yangu, na umwambie ninakula vizuri. Wasalimie jirani zetu wa kushoto na wa kulia, hata wale wa kulia. Mungu awalinde katika siku hizi mbaya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zéphyrin