Saa Moja Nyuma

Bwawani, mwezi 19 Ramadhani

Mdogo wangu Bassou,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute huko Almeria u mzima, mgongo umepoa, na huyo tajiri wa nyanya anawaachia jioni mfuturu kama watu. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua lakini ulimi hauna ugonjwa. Juzi alimwambia daktari kwamba yeye alianza kutembea kabla babake daktari hajazaliwa.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu baada ya miaka mitatu ya kimya. Nimechana karatasi nne kabla ya hii.

Hapa kituoni mambo si shwari. Ile mashine ya tatu, inayoelea katikati ya bwawa la maji machafu na kuyachapa yapate hewa, imeanza vituko. Unajua hupumzishwa saa tatu hadi saa tano asubuhi. Tangu Ramadhani iingie na serikali irudishe saa nyuma kwa saa moja kama kila mwaka, yenyewe inawaka saa nne kamili. Nilidhani ni kile kisanduku cha saa kinachoiwasha. Tukaking'oa, nyaya zikabaki zinaning'inia. Kesho yake saa nne, ikawaka. Fundi umeme alikuja kutoka mjini akakata umeme wa bwawa zima, na maji yakaruka vilevile mbele ya macho yake. Alikusanya vyombo vyake akasema atarudi baada ya Idi. Hata namba ya simu hakuacha.

Halafu kuna matambara. Marehemu mzee Haddou alikuwa akiyatoa kwenye mapanga ya mashine na kuyaanika ukutani kwa mstari, makubwa kwanza, akikutania, "Haya mkwe, nguo zako za harusi hizo, usije ukasema binti yangu Itto hakuletewa kitu!" Sasa kila siku nayakuta ukutani yamepangwa hivyohivyo, yanachuruzika, na mashua imefungwa, kavu. Wenzangu wananicheka, eti "Bosi, saumu imekupanda kichwani." Lakini hakuna anayekubali kupita upande ule peke yake. Naogopa, Bassou. Naogopa kupita kiasi.

Sasa soma polepole. Jumatatu ile ya Ramadhani, miaka mitatu iliyopita, mzee Haddou alipiga makasia hadi mashine ya tatu saa nne kasorobo, akijua ana zaidi ya saa nzima kabla haijawaka. Wewe ulikuwa peke yako chumba cha swichi. Ikawaka, ikamtupa, na maji yale yaliyojaa hewa hayambebi mtu. Ulijirusha kumtafuta ukaopolewa umezimia. Watu wakasema umebonyeza kitufe. Askari walikuachia, mji haukukuachia. Itto akarudisha pete ya uchumba, na Mama akapiga marufuku jina lako nyumbani.

Uliniandikia mwaka ule wa kwanza kwamba siku hizi huna hakika tena, labda kiwiko chako kiligusa kitufe. Sikukujibu.

Hukugusa kitu. Kazi ya kurudisha nyuma saa ya kisanduku ilikuwa yangu, tangu Jumapili, nami nikasahau. Sisi tulikuwa saa nne. Kisanduku kilikuwa bado na saa ya zamani, kwake ilikuwa saa tano. Niliposikia mashine inanguruma nilielewa papo hapo, na sikukimbilia majini. Nilikimbilia kisanduku. Mzee aliniita, Akka, Akka, mara mbili. Kitufe cha kuzima kilikuwa shibiri moja tu kutoka mkononi mwangu, nami nikaendelea kuzungusha saa mpaka ikalingana na ya mkononi, ili wakija wasione kosa langu. Mashine ikanyamaza. Naye alikuwa amekwisha kunyamaza. Baada ya miezi miwili nikafanywa msimamizi wa kituo.

Nilidhani nikishasema, itatulia. Juzi nilikwenda kwa mkuu wa askari. Akaniambia, "Kaka, jalada limefungwa, nenda kalale, futari iko mbali." Itto alinisikiliza akiwa mlangoni, akauliza kama ni wewe uliyenituma, akafunga mlango. Jana, baada ya kunywa supu ya harira, nikamwambia Mama yote, hata mzee alivyoniita. Alinivuta kichwa akakilaza kifuani pake, akalia, akasema, "Mwanangu Akka, nilijua una moyo, ila sikujua ungekubali kubeba dhambi ya mdogo wako." Akaniombea pepo. Nilijaribu kumkatiza, akanifunika mdomo kwa kiganja.

Leo saa nne imewaka tena. Nilisimama ukingoni mpaka ilipozima, na povu lilipotulia matambara yalikuwa ukutani, nyuma yangu, bado yana joto.

Njoo, ndugu yangu. Simama mbele ya Mama na mbele ya Itto, useme wewe kwamba hukubonyeza, nami niseme nililofanya, watuone wote wawili. Mimi peke yangu hawaniamini. Na kama nawe hutaniamini, basi nitabaki mtu mwema mpaka nife.

Wasalimu wote unaoishi nao. Goti la Mama linakusalimu, yeye mwenyewe bado.

Ni mimi kaka yako,
Akka