Harufu ya Dizeli kwenye Shati la Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba usinihukumu kabla hujafika mwisho wa barua hii, na ukishafika nihukumu tu, maana nimechoka kujihukumu peke yangu.

Kaka yetu mkubwa ana karakana ya boti, zile ndogo za faiba, anazitengeneza na kuziuza, na kwa kuwa karakana yenyewe iko mbali na maji, kila boti lazima ipandishwe kwenye trela na kuvutwa kwa pikapu mpaka kwa mnunuzi, na njiani kuna mlima ambao hata malori yanaupanda yakilia. Dereva wa pikapu hiyo alikuwa mume wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi, na kaka hakunikatalia, maana baba alipofariki kaka ndiye aliyenilea na kunisomesha, na mama yetu mpaka leo anakaa kwake, kwa hiyo nilitembea mtaani nikijisikia kweli kweli, kaka bosi, mume dereva, nani kama mimi.

Maneno yakaanza kwenye mafuta. Kaka akiendesha pikapu mwenyewe kwenda benki na kurudi, dizeli inakaa mpaka anasahau kama gari linakunywa, lakini mume wangu akilichukua kupeleka boti, likirudi mshale umelala chini. Kaka akaona hapa anachezewa, akaanza kumpimia mafuta ya safari kwa kipimo chake mwenyewe, kile cha gari tupu, na mume wangu akisema hayatoshi kaka anaguna na kumwambia, "Shemeji, hilo gari nililijua kabla yako." Kisha kaka akafungua nyuma ya kiti akakuta dumu, ndani lina mabaki ya dizeli, na hapo heshima ya mume wangu ikaishia.

Tukaitwa sebuleni kwa kaka, mama yupo, mama mdogo yupo, wifi anagawa chai. Kaka akaliweka lile dumu katikati ya zulia, kila mtu alione. Mume wangu akasema dumu ni lake na mafuta ananunua mwenyewe, kwa sababu gari likivuta boti, mafuta anayopewa hayamfikishi. Wakacheka. Mama mdogo akauliza, "Tangu lini mtu akanunulia gari la mwenzake mafuta?" Mume wangu akamwambia kaka, "Shemeji, wewe unaenda na gari tupu, mimi nimefunga boti. Panda twende ukajionee." Kaka akasema, "Nipande gari langu mwenyewe nikakague jinsi unavyoniibia?" Wakacheka tena, na nikiri hapa kwamba na mimi nilitabasamu kidogo, sijui kwa nini, nadhani ni woga.

Ndipo mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayelala naye. Umeona nini?"

Mshauri, nilisema, "Nguo zake zinanuka dizeli kila siku." Nilisema hivyo tu. Na ilikuwa kweli, mashati yake nilikuwa nayaloweka peke yake, mkono wa kulia ndio unanuka zaidi, na kweli pia kwamba alikuwa analeta nyumbani pesa kidogo kuliko zamani na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza mambo ya wanawake. Mume wangu alinitazama, akaweka ufunguo wa pikapu kwenye sinia, kando ya vikombe, akasema, "Asanteni kwa chai," akatoka. Mimi nikabaki namalizia chai yangu. Niliimaliza yote.

Baada ya hapo kaka aliwapigia simu wenye magari wote anaowafahamu, akawaambia mume wangu ni mwizi wa mafuta, kwa hiyo hakuna anayempa usukani. Sasa anabeba mizigo sokoni, yeye mwenye leseni ya magari makubwa. Watu wamempa jina, wanamwita Dumu, na mimi nikipita dukani nasikia, "Mke wa Dumu huyo." Nyumbani hagombi, hapigi, wala hasusi chakula. Kitu kimoja tu: nguo zake anafua mwenyewe. Anafua, anaanika, anakunja, anaweka kwenye begi lake. Nikishika shati lake ananinyang'anya taratibu na kusema, "Acha, lisije likakunukia."

Nilivumilia nikijua kwamba yeye ndiye mkosaji. Mpaka juzi nilipoomba lifti kwa dereva mpya, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anavuta boti kuelekea njia yangu. Tulitoka tangi limepimwa kwa kipimo cha kaka. Tulipoanza kuupanda mlima gari likashusha gia, likashusha tena, boti nyuma imekamata upepo kama ukuta, na mshale ukawa unashuka nauona hivi hivi kwa macho yangu. Kabla hatujafika juu taa ya mafuta ikawaka. Huyu mdogo wangu akaegesha pembeni, akaingiza mkono nyuma ya kiti, akatoa dumu. Akamimina. Upepo ukampulizia dizeli mkononi, akarudi kwenye kiti akajifuta kwenye shati, na ile harufu ikanijia puani, mkono wa kulia, mshauri, mkono ule ule.

Nikamuuliza dumu ni la nani. Akasema, "La kaka mwenyewe, dada. Alinipa siku ya kwanza, akaniambia hili gari likifunga boti linakunywa kama halina akili, usije ukalala njiani."

Kaka anajua. Alijua, au alikuja kujua, na amenyamaza. Usiku huo huo nilitaka kumwambia mume wangu, nikashindwa hata kukohoa. Nikimwambia kaka mbele ya watu, atasema nimemchagua mwanamume badala ya damu yangu, na mama atamfuata yeye, kwa sababu anakula kwake. Nikinyamaza, nakaa na mtu anayekunja mashati yake kwenye begi. Nauliza, haitoshi nikimwomba mume wangu msamaha ndani, sisi wawili tu, yakaisha bila kumwaibisha kaka? Nisaidie, sijui nishike lipi.

Mke wa Dumu

JIBU

Mama, unajua kabisa ushike lipi. Unayemtafuta ni mtu wa kukupa ruhusa ya kutolishika. Mimi si mtu huyo.

Tuanze na mafuta, kwa sababu ndiyo rahisi. Nimemuuliza fundi wa magari ninayemwamini, akanicheka. Anasema pikapu ikivuta boti juu ya trela inaweza kunywa karibu mara mbili ya inavyokunywa ikienda tupu, na ukiongeza mlima, upepo na mwendo wa haraka, usishangae ikazidi. Uzito ni sehemu tu. Boti ni pana, imeinuka, inazuia upepo njia nzima. Wenye kazi hiyo wanalijua hilo kama wanavyojua majina yao, na kaka yako, anayetengeneza boti kila siku, hawezi kuniambia hakulijua. Jibu lilikuwa rahisi: apande, waende, wajaze tangi kituo kile kile mwanzo na mwisho, waone kiasi kilichotumika. Mume wako alimwomba hivyo mbele yenu nyote. Mwizi haombi kukaguliwa, na ninyi mlicheka.

Sasa wewe. Unaniandikia kwamba ulisema kweli. Sikatai, shati lilinuka. Lakini mama yako hakukuuliza habari za kufua. Alikuuliza kama mume wako ni mwizi, na ulikuwa na nafasi ya kusema, "Sijui, ngoja nimuulize." Umekaa na harufu ile kwa muda mrefu, unaloweka, unasugua, unawaza wanawake, na hata siku moja hukumwuliza, "Baba watoto, hii dizeli inatoka wapi?" Angekwambia. Alikuwa anajazia gari la kaka yako kutoka mfukoni mwake ili asirudi kwako kusema, "Ndugu yako ananibana." Alikuwa anakulindia heshima kwenu. Nalisema hili ujue ulichokipoteza, na likuume, maana limeniuma mimi nisiyemjua.

Nakuonea huruma pia, sikufichi. Kukalishwa mbele ya aliyekulea, ukatakiwa kumtetea mtu anayemshtaki, si jambo dogo, wengi wetu tungemalizia chai. Lakini kosa ulilolifanya sebuleni huwezi kuliombea msamaha chumbani. Ndani mko wawili, na yeye hakuvuliwa nguo mbele ya mmoja. Ukimnong'oneza pole gizani na asubuhi aamkie kuitwa Dumu, utakuwa umejifariji wewe.

Kwa hiyo nenda kwa kaka yako siku ya mapumziko, mama yako akiwepo, na mama mdogo aitwe. Usitume ujumbe wa simu, wala usimtume mtu. Sema uliyoyaona kwa macho yako: nimepanda ile pikapu ikiwa imefunga boti, mafuta hayakufika, likatolewa dumu, na dumu hilo amelitoa kaka. Dereva wa sasa usimburuze kwenye kikao, ni kijana wa watu, asije akaponzwa kwa kukupa lifti. Jina la kusafishwa ni la mume wako, na la kuchafuka kidogo liwe lako. Halafu mwambie kaka awapigie simu wale wenye magari, mmoja mmoja, kama alivyowapigia mwanzo. Akikasirika, akasirike. Akisema umechagua mwanamume, mwambie siku ile ulichagua kaka, na umeona kilichotokea. Mama yako huenda akanuna, na huenda akanuna kwa muda mrefu. Hilo ndilo utakalolipa, na usiniombe nikupunguzie.

Mume wako asiwepo. Ameshakaa kwenye kikao kimoja na kinamtosha. Habari zitamfikia zenyewe, na zikimfikia kutoka kwa watu atazisadiki kuliko zikitoka kwako, kwa sababu neno lako kwake halina thamani kwa sasa. Ukirudi nyumbani usimhesabie ulichofanya, wala usilie ili akubembeleze. Pika, kaa, ngoja. Kuna uwezekano asikusamehe, na atakuwa na haki.

Utajua mwenyewe mambo yakoje. Siku utakapokwenda kwenye tenga la nguo chafu ukakuta shati lake limechanganyika na zako, lifue bila kusema neno. Usipolikuta, fua zako.