Hukutaja Jina Langu

6 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mimi mwili hauna neno. Nawe naomba uwe mzima, kwa sababu nataka uyasome haya ukiwa na nguvu.

Nimesikiliza podikasti yako ya Jumatatu, ile unayowarekodia wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza wa takwimu. Nilikuwa maktaba hapa chuoni kwetu nikikungoja ueleze uwezekano, maana mhadhiri wetu haeleweki. Dakika ya tisa ukasema unamjua binti aliyefeli somo hili, akajifungia chumba cha mifagio bwenini, akalia hadi macho yakavimba, kisha humo humo akampigia mama yake kumwambia amefaulu.

Hayo nilikuandikia wewe. Sikukiandikia chuo kizima.

Mama hukusikiliza kila wiki akipiga pasi, kwa kujivunia kaka yake. Jana alinipigia. Aliuliza swali moja tu: "Siku ile uliponiambia umefaulu, kile nilichosikia kikianguka kilikuwa ndoo?" Nikasema ndiyo. Akakata simu.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima, ila mke wangu hanisemeshi tangu asome barua yako.

Imeniuma, lakini nisikilize. Sikutaja jina. Wanafunzi kumi na tisa wameniandikia baada ya kipindi kile. Mmoja alikuwa ameshafunga begi arudi kwao, sasa amebaki. Umemwokoa mtu usiyemjua. Ulitaka nimwache aende? Hasira ni moto wa karatasi, mwanangu, huwaka ukazimika.

Mjomba wako

13 Machi

Shikamoo Mjomba.

Afya yangu ni ile ile, ya mama yangu siijui. Siku ya saba hii hapokei simu.

Hukutaja jina. Ulitaja maisha yangu yote, ukabakiza jina. Wala mimi sikumwokoa mtu. Umemwokoa wewe kwa mali ya wizi, halafu unataka nipige makofi. Ungeniuliza, pengine ningekubali. Kuuliza kulikushinda nini? Namba yangu unayo.

Na usiniite moto wa karatasi.

Mpwa wako

14 Machi

Mpwa wangu,

Nakujulia hali kwa aibu. Kipindi kile nimekifuta. Jumatatu nitarekodi kingine, nikuombe radhi mbele ya wote.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Usithubutu. Ukiniomba radhi humo utakuwa umeniuza mara ya pili.

Mpwa wako

4 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini unakula na unalala. Hukuniandikia wiki tatu, nami nilistahili.

Nilikwenda kwa mama yako. Hakunikaribisha ndani. Alisema: "Kufeli amefeli yeye, kunidanganya amenidanganya yeye. Lakini kuniaibisha na pasi mkononi, hiyo ni kazi yako." Nikageuka nikarudi.

Nimeacha kurekodi. Kipaza sauti nimekifungia kabatini.

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, na mama mzima. Nilikwenda nyumbani nikamweleza yote mwenyewe, tumekaa jikoni. Alinigombeza mpaka sauti ikamkauka, kisha akaniuliza mtihani wa marudio ni lini. Ni mwezi wa sita.

Sasa wewe. Nimesoma walichokuandikia wanafunzi wako chini ya kipindi cha mwisho. "Mwalimu uko wapi, mtihani ni wiki ijayo." "Mwalimu, mimi Jumatatu yako ndiyo hunitoa kitandani." Unajiadhibu kwa migongo yao, Mjomba, na hawakukukosea kitu. Hiyo nayo imenikasirisha.

Fungua kabati. Eleza uwezekano. Wakumbushe tarehe za kazi na saa unazokuwa ofisini. Ukihitaji kisa cha mtu aliyefeli, mama ameniambia ulirudia mwaka wa pili mzima, na babu alikufa akiamini ulikuwa mgonjwa. Miaka yote hii ya kuwatia watu moyo, hicho hujawahi kukigusa. Chako hakihitaji ruhusa ya mtu.

Nitakusikiliza. Mama naye anasema atakusikiliza, ila hajasema lini.

Lakini mambo yangu sitakuandikia tena. Sikuchukii. Ni kwamba sasa nikianza tu sentensi, nasikia sauti yako ikiisoma.

Mpwa wako