Dhana Mliyomvika Mama Mdogo

Kambi ya mkonge, Tanga

Kaka Beatus,

Shikamoo. Natumaini kifua cha mama kimetulia na watoto wanakwenda shule. Mimi ni mzima, mikono tu imechanwa na mkonge. Ila tangu nisome barua yako, sina raha kabisa.

Umeandika kwamba ukoo umekaa hapo Mapera, na baada ya Pasaka mtampeleka Mama Mdogo Filomena kwa mganga akanyolewe nywele ili uchawi umtoke. Eti kwa sababu kahawa ya kila mtu imeoza ikiwa mbichi, yake imesimama. Halafu ukamalizia, "Ni dhana tu, lakini wote tunayo." Kaka! Mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, unaandika hivyo bila haya?

Neno hilo sikuliacha lipite. Nikamwuliza jirani yangu, mzee anayefundisha watoto Kurani, maana yake hasa ni nini. Akasema lilikuja pwani na Kiarabu, nalo ni wazo ambalo mtu analo moyoni kabla hajapata uhakika. "Ukishapata ushahidi haliitwi dhana tena," akaniambia, "na usipoupata, unanyamaza." Neno limesafiri kutoka Uarabuni mpaka Umatengoni, nyie mkaliokota na kuacha nusu ya maana njiani. Mkiwa na dhana moja watu ishirini, haigeuki kuwa kweli. Mmekosea ishirini, basi.

Mnajua vizuri kwamba tangu ushirika ulegee na wanunuzi binafsi waje na magari yao, dawa za mkopo hazipo. Mikahawa haikupuliziwa, ikashikwa na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa mbichi. Nani kati yenu alikwenda kumwuliza Mama Mdogo, mjane wa watu, yeye alifanya nini? Hakuna. Mliona kukisia ni rahisi kuliko kupanda kilima hadi kwake.

Umeandika pia kwamba alionekana alfajiri akizunguka shambani, amejifunga kitambaa usoni. Ndiyo, alizunguka. Alikuwa anapulizia mrututu, dawa ya kuzuia chulebuni, Kaka! Niliinunua mimi hapa Tanga, nikampa mwenzangu wa kambini amletee alipokuja likizo huko. Ilitosha shamba moja tu. Nikamwandikia asimwambie mtu, kwa kuwa nilijua mkisikia mtagawana vijiko vijiko na haitamfaa yeyote. Ameitunza siri yangu hata mbele ya kikao chenu. Siri hiyo ndiyo iliyomponza, na naona aibu kuliko ninavyoona hasira, na hasira ninayo tele.

Msimpeleke popote. Isome barua hii kwa sauti mbele ya ukoo wote, na mwenye dhana nyingine aniandikie mimi.

Msalimie mama, na shemeji yangu, mkeo. Baba yangu wa ubatizo, aliyeongoza kikao, naye msalimie. Mwambie namsalimu kwa heshima, ila kwa shida. Kwa Mama Mdogo usitume mtoto. Nenda wewe mwenyewe, leo hii, umwambie nimemfungua mdomo, aseme.

Mdogo wako,
Severini